Chupa moja ya dawa, macho ya watu watatu

Mama muuguzi, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 34, ninaishi Igombe, Mwanza, kando ya ziwa, na kazi yangu ni kuanika dagaa na kuwapeleka soko la samaki la Mwaloni Kirumba mara mbili kwa wiki. Ninakuandikia kwa sababu nyumbani kwetu sasa tuna wagonjwa watatu wa macho, dawa tuliyo nayo ni chupa moja, na nimeanza kuogopa.

Wa kwanza ni mwanangu wa kiume mwenye umri wa miaka minane. Macho yanamwasha tangu mwaka jana, anayafikicha hata akiwa usingizini, na asubuhi yanatoa uteute mweupe unaovutika kama uzi. Miezi saba iliyopita nilikwenda duka la dawa la hapa mtaani nikapewa chupa ndogo ya matone, na siku ya pili tu macho yalikuwa meupe. Tangu hapo kila yakigeuka kuwa mekundu ninanunua nyingine. Juzi mwalimu wake ameniambia kwamba mtoto anaomba kukaa mbele kwa sababu haoni ubao vizuri.

Wa pili ni mimi mwenyewe. Mume wangu alirudi kutoka kambi ya uvuvi visiwani akiwa na jicho jekundu, na baada ya siku chache likaanza jicho langu la kushoto, kisha la kulia. Yanatoa machozi mengi, ninahisi kama nimeingiwa na mchanga, na mbele ya sikio kuna kivimbe kinachouma nikikigusa. Nimetia matone ya mtoto kwa siku tatu. Wekundu umepungua, lakini sasa ninaona ukungu na mwanga wa jua unanichoma.

Wa tatu ndiye anayeninyima usingizi. Mdogo wangu alijifungua siku tisa zilizopita kwa mkunga wa jadi, kwa kuwa uchungu ulimshika usiku na usafiri haukupatikana. Tangu siku ya sita kope za kichanga zimevimba, hazifunguki, na ukizipangusa unatoka usaha wa njano. Bibi yake ameelekeza mtoto akamuliwe maziwa ya mama machoni, na tumefanya hivyo bila nafuu. Jirani naye ametupa tyubu ya tetrasaikilini aliyobakiwa nayo alipougua. Je, nimpake kichanga tyubu hiyo, au nimtilie matone yaliyomsaidia kaka yake? Kwenye chupa pameandikwa deksamethasoni na jentamaisini.

Mama wa Igombe

Marahaba, mwanangu.

Kwa kuwa uliacha namba ya simu, nilikupigia siku ileile barua yako iliponifikia, kabla sijaandika mstari wowote wa jibu hili, kwa sababu suala la kichanga halikuwa la kusubiri zamu ya safu. Ninashukuru kwamba mlinisikiliza na kwamba jioni ile mtoto alikuwa ameshafikishwa hospitali na kuanza matibabu. Yaliyobaki ninayaandika kwa ajili yako na kwa ajili ya wengine wengi ambao, kama ninyi, wana chupa moja kabatini na wanadhani kila jicho jekundu ni ugonjwa uleule.

Niruhusu nianze na huyo mdogo, ingawa umemtaja mwisho, ili wasomaji wajue kwa nini nilikuhimiza namna ile. Mtoto mwenye umri wa chini ya siku 28 anayetoa usaha machoni ni mgonjwa wa dharura. Mara nyingi vimelea vinavyofanya hivyo huvipata wakati wa kuzaliwa, vikiwa katika njia ya uzazi ya mama, na viwili vinavyojulikana zaidi ni vile vya kisonono na vya klamidia, magonjwa yanayoambukizwa kwa kujamiiana. Kisonono kwa kawaida hujitokeza kati ya siku ya pili na ya tano, klamidia huchelewa kidogo, kati ya siku ya tano na ya kumi na nne. Lakini hesabu hizi hupishana, na hakuna mzazi anayepaswa kukaa nyumbani akihesabu siku. Kimelea cha kisonono kina uwezo wa kutoboa kioo cha mbele cha jicho la kichanga ndani ya muda mfupi sana, na jicho lililotoboka halirudishwi na dawa yoyote.

Kwa hiyo wala tyubu ya jirani wala matone ya kaka yake yasingemfaa. Kisonono cha macho kwa kichanga hutibiwa kwa sindano ya antibayotiki, na klamidia kwa dawa ya kunywa, kwa kuwa vimelea hivyo haviishii machoni. Klamidia huweza kushuka mpaka kwenye mapafu na kumletea mtoto nimonia. Kazi ya huduma ya jicho lenyewe ni kuondoa usaha kwa kulisafisha mara kwa mara. Mdogo wako na mwenzake nao wanapaswa kupimwa na kutibiwa, na ninaomba jambo hilo lifanyike bila lawama wala maneno ya uani, kwa sababu maambukizi haya mara nyingi hayaoneshi dalili yoyote kwa mwanamke, na mtu anaweza kukaa nayo muda mrefu bila kujua. Bibi yenu hakukosa upendo aliposhauri maziwa ya mama. Maziwa yale ni chakula bora cha mtoto, lakini hayaui kisonono, na saa zinazopita familia ikingoja yafanye kazi ndizo zinazomgharimu mtoto jicho.

Nikiwa bado kwa kichanga, nimwambie kila mama mjamzito anayesoma hapa kwamba tyubu ileile ya tetrasaikilini ya asilimia 1, ambayo leo imechelewa, ingekuwa na kazi kubwa siku ya kwanza. Mtoto akishazaliwa, ndani ya saa moja hupakwa dawa hiyo kidogo kwenye kila jicho kama kinga. Anayejifungulia zahanati au kituo cha afya anaweza kuuliza mwenyewe, kwa adabu, kama mtoto amepakwa dawa ya macho. Na yule ambaye uchungu umemzidi akajifungulia nyumbani, ampeleke mtoto kituoni mapema iwezekanavyo hata kama anaonekana mzima.

Sasa nije kwa mwanao wa miaka minane, ambaye ndiye aliyenifanya nisome barua yako mara mbili. Macho yanayowasha kuliko yanavyouma, yote mawili kwa pamoja, kwa miezi mingi, yakitoa uteute unaovutika kama uzi, hayo kwa kiasi kikubwa ni macho ya mzio. Katika nchi za joto kama yetu ipo aina ya mzio inayowapata zaidi watoto, hasa wavulana. Ukiugeuza ukope wa juu wa mtoto wa namna hiyo unakuta ndani vipele bapa vilivyopangana kama mawe ya sakafu, na kila anapopepesa macho vipele hivyo hukwangua kioo cha jicho. Vumbi humzidishia, moshi wa kukausha samaki humzidishia, na kufikicha ndiko kunakoharibu zaidi, kwa maana jicho linalofikichwa miaka na miaka linaweza kubadilika umbo la mbele na kuchongoka. Haumwambukizi mtu, na watoto wengi huachana nao wanapobalehe.

Tatizo ni kile ulichopewa. Deksamethasoni ni dawa ya kundi la steroidi, na jentamaisini iliyochanganywa nayo ni antibayotiki ambayo kwa mzio haina kazi. Steroidi hutuliza uvimbe na wekundu kwa kasi ya kushangaza, ndiyo maana ulifurahi siku ya pili, na ndiyo maana muuzaji huonekana hodari. Lakini haiondoi chanzo. Ni kama kumfunga mbwa mdomo asibweke huku mwizi yungali uani. Ikitumika wiki nyingi bila kupimwa hupandisha presha ya ndani ya jicho, ambayo huua mshipa wa kuonea kimyakimya, na kinachopotea kwa njia hiyo hakirudi. Vilevile huleta mtoto wa jicho, ambaye hutibika kwa upasuaji, lakini nani angependa kumpeleka mtoto wa darasa la pili chumba cha upasuaji kwa sababu ya matone ya kununua dukani?

Siwezi kusema kwa barua kama mwanao amefika huko. Kutoona ubao kunaweza kuwa ni kuhitaji miwani tu. Hata hivyo, miezi saba ya steroidi pamoja na kuomba kukaa mbele ni sababu tosha ya kumpeleka kliniki ya macho wiki hii, si mwezi ujao. Usimnunulie chupa nyingine, na kama bado anaitumia kila siku usimkatishe ghafla kabla hajaonwa, kwa maana mzio unaweza kurudi kwa hasira. Daktari atawaelekeza namna ya kuipunguza. Huko apimwe uwezo wa kuona, apimwe presha ya macho, na aangaliwe kwa mashine kama kioo cha jicho na lenzi viko salama. Yako matone ya mzio ambayo mtoto anaweza kuyatumia kwa muda mrefu kwa usalama zaidi. Moja ni sodiamu kromoglaiketi ya asilimia 2, tone moja mara nne kwa siku, nayo inahitaji subira kwa kuwa inazuia mzio usiamke badala ya kuutuliza uliokwisha kuamka, hivyo usiihukumu kwa siku mbili; huenda ikachukua wiki kadhaa. Nyingine ni olopatadini, ambayo hupoza mwasho upesi zaidi. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi safi na kuwekwa juu ya macho yaliyofumbwa kitamsaidia usiku anapotaka kufikicha. Steroidi zenyewe daktari huzitumia pia mzio ukiwa mkali, kwa siku chache na kwa kupima presha. Siwatishi watu na dawa hiyo, ninachokataa ni kuuzwa kama sabuni.

Kwako wewe, maelezo yako yako wazi. Jicho moja lilianza, la pili likafuata, machozi ni ya maji na si usaha, tezi ya mbele ya sikio imevimba, na mume alitangulia: huo ni ugonjwa wa macho mekundu wa virusi, na mara nyingi chanzo ni adenovirusi. Ndio ulioenea nchini mwanzoni mwa mwaka 2024, watu wakapita maduka yote ya dawa wakitafuta matone. Kuna ndugu yake anayetokana na virusi vingine, anayefanya weupe wa jicho uvie damu, ambaye alitambuliwa mara ya kwanza Ghana mwaka 1969 na watu wakamwita Apollo, kwa kuwa mwaka huohuo chombo cha Marekani cha jina hilo kilifika mwezini. Ndugu hawa wawili hawana antibayotiki inayowaua. Huisha wenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki moja hadi tatu, na kwa siku tatu hadi tano za mwanzo hali huzidi kuwa mbaya kabla ya kutulia. Dawa yake ni kupangusa kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa, kitambaa cha baridi, na ukiweza matone ya machozi ya bandia kwa ajili ya ule mchanga. Maji ya ziwa usiyatie machoni, hata kama asubuhi yanaonekana kama kioo.

Lakini ukungu na kuchomwa na mwanga vimebadilisha hesabu yako. Kuna kirusi cha malengelenge kinachojifanya macho mekundu ya kawaida, na kikikutana na steroidi hula kioo cha jicho kwa haraka. Na hata adenovirusi yenyewe huweza kuacha madoa kwenye kioo hicho. Acha matone ya mtoto leo hii, siku tatu si nyingi na kuacha hakutakudhuru, kisha siku utakayompeleka mwanao nawe uonwe. Safari ni moja, kuanzia Igombe hadi mjini, na huduma za macho mtazipata katika hospitali ya mkoa ya Sekou Toure au Bugando.

Mpaka hapo utaona kwamba nyumba yenu yote haina hata mmoja ambaye angepona kwa ile aina ya dawa ambayo wengi huikimbilia, yaani antibayotiki ya macho. Wanaofaidika nayo ni wale wenye maambukizi ya kawaida ya bakteria: asubuhi kope zimegandana, tongotongo ni zito la njano au la kijani, likipanguswa linarudi baada ya muda mfupi, na kuona kunakuwa kuzuri mara ukishasafisha. Kwa mtu mzima au mtoto mkubwa, matone ya kloramfenikoli ya asilimia 0.5 hutiwa tone moja kila baada ya saa mbili wakati mgonjwa yuko macho kwa siku mbili za mwanzo, kisha kila baada ya saa nne, mpaka zitimie siku tano. Matone hayo hutakiwa kukaa kwenye friji, na ninajua nyumba nyingi za mwaloni hazina friji, kwa hiyo muulize mfamasia akupe dawa ya kupaka, iwe ya kloramfenikoli au ya tetrasaikilini ya asilimia 1, ambayo hupakwa mara tatu au nne kwa siku na kustahimili joto la chumba vizuri zaidi. Usaha ukiwa mwingi kupita kiasi kwa mtu mzima, unatiririka na kujaa tena kila ukifutwa, hicho huenda ni kisonono cha macho na kinahitaji sindano, si tyubu. Tetrasaikilini hiyohiyo imejulikana sana kwetu kwa sababu ya vikope, ugonjwa uliosumbua hasa maeneo makavu kama Dodoma, ambako ilipakwa mara mbili kwa siku kwa wiki sita. Ndiyo maana wazee huamini inatibu kila kitu.

Kuhusu tyubu ya jirani, itupe. Dawa ya macho ikishafunguliwa hudumu siku 28, hata kama tarehe iliyoandikwa kwenye boksi ni ya miaka miwili ijayo, na ncha yake ikishagusa kope la mgonjwa hubeba vimelea vyake kwenda kwa mwingine. Mume, mke na mtoto hawachangii chupa.

Nimeona watu wakitia dawa nzuri vibaya, kwa hiyo nieleze kidogo. Nawa mikono kwa sabuni. Tazama juu, vuta ukope wa chini kwa kidole mpaka ufanye kijifuko, kisha dondosha tone moja humo bila ncha kugusa chochote. Tone moja linatosha, la pili hububujika shavuni na pesa yako. Fumba jicho taratibu, usilikaze, na ubonyeze kona ya karibu na pua kwa dakika moja, la sivyo dawa itateremka kooni na utaionja uchungu wake. Dawa ya kupaka nayo kamulia ndani ya kijifuko hicho, kiasi cha punje ya mchele, na uvumilie kuona ukungu kwa dakika chache. Mtu aliyetoka kupaka asiendeshe bodaboda. Ukiwa na zote mbili tangulia matone, ngoja dakika tano, kisha paka. Mwanao akikataa kufumbua macho, mlaze chali akiwa amefumba, weka tone kwenye kona ya ndani, kisha umwambie afumbue na litateleza lenyewe.

Mumeo na wewe mnaambukiza kwa muda wote ambao macho ni mekundu na yanatoa machozi, na hiyo inaweza kufika wiki mbili. Ninajua dagaa hawasubiri, wakianikwa leo lazima wageuzwe leo. Basi tenga taulo lako na foronya yako, weka kibuyu chirizi na sabuni hapo mnapopimia dagaa, unawe kila baada ya kushika fedha kabla hujagusa uso, na kwa sasa kichanga wa mdogo wako asibebwe na wewe. Mumeo asirudi kambini kulala kwenye turubai moja na wenzake mpaka macho yakauke. Na kama ilikuwa ni mdudu wa taa au gamba la samaki lililompiga jicho kabla halijawa jekundu, aniambie, kwa kuwa jicho lililokwaruzwa hushambuliwa na fangasi, na hilo ni jambo jingine la kwenda hospitali upesi. Yeyote kati yenu akiona doa jeupe juu ya sehemu nyeusi ya jicho, au akapata maumivu makali ya ndani, au kuona kukapungua, asitie kitu chochote na asingoje kesho.

Unapokwenda kliniki beba ile chupa ya matone pamoja na boksi lake, na kama unakumbuka ulinunua chupa ngapi tangu mwanzo, ziandike kwenye karatasi. Daktari atakuuliza hilo kabla ya mengine yote, na jibu lako ndilo litakaloamua atampima mwanao kwa kina kiasi gani.